Mazungumzo ya 9: Kijana Anayekimbia Alishwe Vipi?

Aliye na kalamu na karatasi avisogeze karibu. Aliye jikoni au zizini aongeze sauti ya redio kidogo, kazi iendelee na masikio yasikie.

Tumekuwa tukizungumza sana juu ya mtoto mchanga na mtoto wa chini ya miaka mitano. Leo tutamzungumzia mtoto ambaye mara nyingi tunamsahau, yule mkubwa wa miaka 10 hadi 19. Huyu hatumpeleki tena kliniki kupimwa uzito. Kijitabu chake cha kliniki kiko chini ya godoro, hata hatukumbuki tulikiweka lini. Tunamwona anakimbia, anacheza mpira, anapanda mlima kwenda shule, nasi tunasema, "Huyu hana shida, ana nguvu zake."

Leo nasema hasa na mama mwenye kijana wa mazoezi. Labda anakimbia mbio za shule. Labda anacheza kandanda, voliboli, netiboli au raga. Labda hayuko katika timu yoyote, lakini anatembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi, kisha anachota maji na kukata kuni. Huyo pia ni kijana wa mazoezi, hata kama hana viatu vya michezo.

Ningependa tukimaliza kipindi uwe umeshika jambo hili moja: mazoezi yana gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa chakula. Isipolipwa kwa chakula, mwili utajilipa wenyewe. Utachukua kutoka kwa misuli, kutoka kwa damu, kutoka kwa mifupa, na kwa msichana utachukua kutoka kwa hedhi yake.

NGUVU ZA MWILI HUENDA WAPI?

Chakula tunachokula huupa mwili nguvu. Nguvu hizo hupimwa kwa kalori, kama vile unga unavyopimwa kwa kilo. Mwili wa kijana hutumia nguvu hizo kwa kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kuishi tu. Hata mtoto akilala usingizi, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi na mwili unajipasha joto. Kwa watu wengi kazi hii pekee huchukua zaidi ya nusu ya nguvu zote za siku.

Kazi ya pili ni kumeng'enya chakula chenyewe. Hii huchukua karibu sehemu moja kwa kumi.

Kazi ya tatu ni kutembea, kufanya kazi za nyumbani na kufanya mazoezi. Hapa ndipo vijana hutofautiana sana. Anayekaa mbele ya runinga jioni yote hutumia kidogo, na anayekimbia asubuhi na jioni hutumia nyingi.

Kazi ya nne ni kukua: kurefuka, kujenga mifupa na misuli, kubalehe. Kazi hii haili kalori nyingi kwa siku, lakini ndiyo ya kwanza kukatwa nguvu zikipungua.

Mama, wewe unaijua bajeti. Una shilingi 500 za wiki. Siku mbili baadaye shule inadai pesa, na huwezi kukataa. Utafanya nini? Hutaacha kununua unga. Utaahirisha kurekebisha paa, utaahirisha viatu, utaahirisha rangi ya ukuta. Mwili wa kijana hufanya vivyo hivyo. Akikimbia, miguu hudai nguvu zake papo hapo na hulipwa kwanza. Moyo na ubongo nao hulipwa. Kinachoahirishwa ni kurefuka, kuimarisha mifupa, kuleta hedhi na kupigana na magonjwa. Paa lisiporekebishwa nyumba haianguki siku hiyo, lakini mvua kubwa ikija, utajua.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Wataalamu wamepima na kuona kwamba mtu akikimbia kilomita moja, hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa hiyo msichana wa kilo 45 akikimbia kilomita 8 asubuhi, ametumia karibu kalori 360. Unga wa mahindi una karibu kalori 360 katika kila gramu 100. Chukua paketi ya unga ya kilo mbili, uigawe mafungu 20 sawa. Fungu moja ndilo mbio za asubuhi za msichana huyo. Akirudia kilomita 8 jioni, ni mafungu mawili. Na hapo hatujahesabu chakula cha kuishi wala cha kukua.

Kutembea hugharimu kama nusu ya kukimbia kwa umbali uleule. Yule anayetembea kilomita nane kwa siku naye ametumia chakula, na akiwa na mtungi wa maji kichwani ametumia zaidi.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalitoa mwongozo juu ya mahitaji haya. Kwa wastani, msichana wa miaka 15 mwenye shughuli za kawaida huhitaji karibu kalori 2,500 kwa siku. Mvulana wa umri huo huhitaji karibu 3,200. Kwa kijana mwenye shughuli nzito, mwongozo unasema tuongeze kama asilimia 15. Maana yake mvulana mkimbiaji anaweza kuhitaji zaidi ya kalori 3,600, chakula kingi kuliko cha baba yake anayekaa dukani siku nzima. Kwa hiyo akirudi mara ya tatu kwa sufuria, usimwite mlafi. Analipa deni.

Je, chakula kingi namna hiyo ni lazima kiwe cha bei? La. Watafiti waliwapima wavulana wakimbiaji wa Kikalenjin katika Bonde la Ufa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Wavulana wale walikula karibu kalori 3,150 kwa siku, na chakula chao kikuu kilikuwa mahindi na maharagwe. Hakukuwa na unga wa kopo wala vidonge. Ni githeri na ugali, ila kwa kipimo cha kutosha.

MIZANI HAISEMI YOTE

Sasa tuje kwa jambo linalowatatiza wazazi na makocha wengi, yaani uzito.

Mwili si kitu kimoja. Kuna mifupa, kuna misuli, kuna mafuta, kuna damu na maji. Mizani hujumlisha vyote na kukupa nambari moja. Wasichana wawili wanaweza kuwa na kilo 48 kila mmoja, na urefu mmoja, lakini mmoja ana misuli mingi na mwenzake ana mafuta zaidi. Misuli ni mizito kuliko mafuta ya ukubwa uleule. Ndiyo maana kijana akianza mazoezi, anaweza kukaa miezi miwili bila uzito kupungua, na huku sketi inamlegea kiunoni. Mafuta yamepungua na misuli imeongezeka. Mizani haikuona.

Upande wa pili pia ni kweli. Kijana akifanya mazoezi huku akinyimwa chakula, uzito utapungua haraka na watu watamsifu. Lakini kilichopungua si mafuta peke yake. Mwili wenye njaa hula na misuli yake wenyewe. Anakuwa mwepesi, na pia anakuwa dhaifu. Mwanzoni huenda akakimbia vizuri kwa wiki chache. Baadaye muda wake wa mbio unarudi nyuma, naye anaambiwa ni uvivu, anaongezewa mazoezi. Hapo ndipo shida inaanza.

Mama wa msichana, sikiliza hapa vizuri. Binti akibalehe, mwili wake huongeza mafuta kwenye nyonga, mapaja na matiti. Hiyo ni kazi ya Mungu na ya maumbile. Mafuta hayo husaidia homoni za kike kufanya kazi. Msichana aliyekuwa akishinda mbio akiwa na miaka 12 anaweza kupunguza kasi kidogo akiwa na miaka 14, mwili unapobadilika. Akipewa chakula na muda, mwili huzoea umbo jipya na kasi hurudi. Akiambiwa "umenenepa, punguza kula," tunampokonya kitu anachokihitaji kwa maisha yake yote.

Tunawaona wakimbiaji wetu wakubwa kwenye runinga, wembamba, miguu mirefu, tunadhani wembamba huo uliletwa na njaa. Umbo la miguu mirefu na myembamba mtu huzaliwa nalo. Mazoezi huongezea yake. Njaa haimpi mtu miguu mirefu.

MSICHANA ALIYEACHA KUPATA HEDHI

Niwape mfano. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 15, mkimbiaji mzuri wa shule. Mama alikuwa amekasirika sana. Binti hakuwa ameona hedhi kwa miezi minne, na nyumbani nyanya alikuwa ameshasema ni mimba. Alikuwa ameulizwa jina la mvulana mpaka akanyamaza kabisa, hasemi na mtu. Tulipima mimba. Hakuwa na mimba.

Nikamwomba mama atupishe kidogo, nikazungumza na binti peke yake. Asubuhi alikuwa akikimbia kilomita 8 kabla ya shule, kisha anakunywa chai ya rangi bila kitu. Saa saba anakula chakula cha shule, nusu sahani. Jioni anafanya mazoezi tena. Usiku anasema ameshiba, anaosha vyombo na kulala. Kuna mtu aliyemwambia akipunguza kilo tatu atafika mashindano ya kitaifa. Alikuwa amepunguza sita. Na tena alikuwa na maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mahali pamoja, ukipagusa anaruka. Alikuwa akiyaficha ili asiachwe nje ya timu.

Tulimpeleka hospitali ya kaunti. Mfupa wa muundi ulikuwa umeanza kupata ufa, bila yeye kuanguka wala kugongwa. Msichana wa miaka 15, na mfupa unapasuka kwa kukimbia tu.

Yale mashindano hakwenda. Alipumzika mbio kwa wiki nyingi, akala, na mama yake akajifunza kumwekea uji kabla ya yote. Hedhi ilirudi, lakini ilichukua miezi. Mama aliniambia kwamba lililomchoma zaidi si mguu. Ni yale maneno aliyomwambia mtoto kwa wiki tatu wakati mtoto alikuwa na njaa.

Akina mama, huyu si mmoja. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya wa umri wa shule ya upili. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na shida ya hedhi, na hiyo ni zaidi ya wasichana wenzao wasiokimbia. Tangu mwaka 2014 madaktari wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wamekuwa wakionya juu ya hali hii, na wanasema huwapata wavulana pia. Kiini chake ni kimoja: nguvu zinazoingia ni chache kuliko zinazotoka, kwa muda mrefu.

Kwa nini tuhangaike na hedhi? Wengine husema, "Si afadhali, hatanunua pedi." Hapana. Hedhi ikikatika kwa njaa, homoni ya kike hushuka, na homoni hiyo ndiyo mlinzi wa mifupa. Sehemu kubwa ya mifupa ya mtu hujengwa kabla ya miaka 20. Ni kama kuweka akiba. Miaka ya kuweka ni hii ya ujana, na ikipita haiji tena. Binti asiyeweka sasa atatoa nini akiwa bibi wa miaka 60?

DALILI ZA KUANGALIA

Mwenye kalamu aandike. Mpeleke kijana wako kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

Moja, msichana amekosa hedhi kwa miezi mitatu au zaidi, au amefika miaka 15 na hajaiona hata mara moja.

Mbili, maumivu ya mfupa mahali pamoja, hasa muundi au wayo, yanayorudi kila akikimbia, au yanayouma hata akipumzika.

Tatu, uzito unapungua, au kijana amekaa mwaka mzima bila kurefuka na bado ni mdogo.

Nne, uchovu usioisha, kizunguzungu, kuzimia, au kuhisi baridi wakati wengine wana joto.

Tano, mafua na homa za mara kwa mara, vidonda visivyopona haraka.

Sita, mvulana ambaye wenzake wote wamebalehe na yeye bado kabisa.

Saba, tabia ya chakula kubadilika: anaficha chakula, anasema ameshiba kila siku, anaogopa mafuta, anajitapisha, anajipima uzito kila mara.

Msichana akikosa hedhi, ni sawa kupima mimba, na muuguzi atafanya hivyo kwa siri na kwa heshima. Lakini usimhukumu kabla ya kipimo. Mwombe muuguzi apime na damu pia, kwa maana upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na huu. Katika maeneo yetu, malaria, minyoo na lishe isiyo na madini ya chuma vyote hupunguza damu.

ALISHWE VIPI?

Sasa tuingie jikoni. Kijana wa mazoezi anahitaji mambo matatu: kipimo, wakati na mchanganyiko.

Kipimo maana yake ale zaidi siku za mazoezi makali. Ugali wake uongezwe, na githeri yake iongezwe. Ikiwa tumbo linajaa haraka, ongeza nguvu bila kuongeza wingi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Kijiko cha njugu zilizosagwa ndani ya uji, nusu ya parachichi kando ya githeri, maziwa badala ya maji kwenye uji, vyote hivyo huongeza nguvu na sahani inabaki ileile.

Wakati maana yake asikimbie kwa tumbo tupu kisha akae na njaa mpaka saa saba. Kabla ya mbio za alfajiri, ndizi mbivu au kikombe kidogo cha uji kinatosha. Baada ya mbio, ndani ya saa moja hivi, ale kitu cha maana. Kikombe cha uji wa maziwa, ndizi moja mbivu na konzi ya njugu karanga hufika kalori 400 hivi. Hapo gharama ya kilomita 8 imelipwa, na mtoto anaingia darasani na akili yake.

Mchanganyiko maana yake yale makundi matatu tuliyojifunza zamani: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Wanga ndio mafuta ya taa ya mkimbiaji: ugali, viazi vitamu, nduma, muhogo, wali, chapati. Maharagwe, ndengu, omena, mayai, maziwa na nyama hurekebisha misuli. Omena ukiliwa mzima na mifupa yake, pamoja na maziwa, mala au mursik, huipa mifupa madini ya chokaa. Managu, terere, kunde na sukuma wiki hulinda mwili. Tia limau, nyanya au tunda lenye uchachu pamoja na mboga na maharagwe, ili madini ya chuma yaingie vizuri. Na chai, tuipendayo sote, isinywewe pamoja na chakula cha maharagwe na mboga, kwa kuwa huzuia madini hayo. Inywe saa moja au mbili baadaye.

Siku moja ya mkimbiaji wa shule inaweza kuwa hivi. Alfajiri, ndizi. Baada ya mbio, uji wa maziwa na viazi vitamu viwili. Saa nne, njugu au yai alilobeba. Mchana, githeri ya shule, na akiweza parachichi. Kabla ya mazoezi ya jioni, uji au ndizi tena. Usiku, ugali wa kutosha, mboga iliyokaangwa kwa mafuta, omena au ndengu, na kikombe cha maziwa kabla ya kulala. Hakuna kitu hapo kisichopatikana soko la kawaida.

Na siku ambayo nyumbani hakuna cha kutosha? Naijua siku hiyo, nawe unaijua. Siku hiyo apunguze mbio. Mwambie mwalimu bila aibu, "Leo hajala." Kupumzika siku moja hakumwondolei mtoto kipaji. Kukimbia na njaa mwezi mzima kunaweza kumwondolea mguu.

MASWALI AMBAYO MNANIULIZA

Mama mmoja aliuliza: "Binti yangu ni mnene na ameanza kucheza netiboli. Nimnyime chakula ili apungue?"

Usimnyime, mama. Bado anakua. Punguza soda, chipsi, mandazi ya kila siku na sukari nyingi kwenye chai. Mwachie ugali wa kiasi, maharagwe, mboga, matunda na maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za shughuli za mwili kwa siku. Akiendelea hivyo huku akirefuka, uzito wake utajipanga. Usimwite majina ya unene, hata kwa mzaha. Maneno hayo huwafanya wasichana wajifiche na waache michezo, au waanze kujitapisha.

Mama mwingine: "Nimesikia wakimbiaji wakubwa kambini hula kidogo kabla ya mashindano. Kijana wangu afanye hivyo?"

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima wakimbiaji wakubwa kumi wa Kenya kwa wiki moja kabla ya mashindano muhimu. Ni kweli walikula kidogo kuliko walivyotumia: karibu kalori 3,000 ziliingia na karibu 3,600 zikatoka. Lakini tazama. Wale ni watu wazima waliomaliza kukua, ilikuwa wiki moja, na hata hivyo walikula kalori 3,000. Mtoto wa gredi ya nane asiige jambo hilo.

Baba mmoja aliuliza: "Ninunue ule unga wa kuongeza misuli?"

Hapana, baba. Pesa hizo zinunulie trei ya mayai, maharagwe na maziwa. Baadhi ya bidhaa hizo huwa na vitu visivyoandikwa kwenye kopo, na mkimbiaji akipimwa anaweza kukutwa na dawa zilizokatazwa bila kujua.

Na nyanya mmoja alisema: "Zamani tulikimbia kilomita nyingi kwenda shule na hatukuhesabu kalori."

Ni kweli, nyanya. Lakini mlikuwa mkirudi kwenye maziwa ya kibuyu, wimbi, viazi na mboga za shambani, na hapakuwa na kocha wa kuwaambia mpunguze kilo tatu. Ndiyo maana tunataka wajukuu warudie chakula chenu.

NENO KWA WALIMU NA MAKOCHA

Nanyi mnaosikiliza, nawashukuru kwa kazi yenu. Naomba mambo matatu. Msiwapime watoto uzito mbele ya wenzao. Msimwambie msichana apunguze kilo bila kumwona muuguzi na mzazi. Na msichana akisema hedhi imekatika au mguu unauma, mpongezeni kwa kusema, msimwondolee nafasi yake. Mtoto akijua atatupwa nje kwa kusema ukweli, ataficha mpaka mfupa upasuke.

TUKUMBUKE

Mazoezi ni mazuri. Hujenga moyo, misuli, mifupa na akili, na sitaki mama yeyote amzuie mtoto kukimbia kwa sababu ya kipindi hiki. Ninachotaka ni atakapofunga kamba za viatu, awe amekula, na atakaporudi, akute kitu mezani. Usiangalie mizani peke yake. Angalia kama anarefuka, anacheka, anasoma, analala, anapata hedhi yake. Hizo ndizo mizani za mama.

Na leo jioni, kabla ya kulala, muulize binti yako taratibu, bila hasira: "Siku zako ziko sawa?" Kisha mwachie nafasi ajibu.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hadi wakati mwingine, mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema. Kwaherini.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya wasikilizaji

1. Vijana wa kijiji chetu hutembea au kukimbia umbali gani kwa siku, na hula nini kabla ya saa nne asubuhi?
2. Binti akikosa hedhi, sisi hufikiria nini kwanza? Tungeweza kumuuliza vipi bila kumwogopesha?
3. Ni vyakula gani vya hapa kwetu, visivyo vya bei, tunavyoweza kumwongezea kijana wa mazoezi?
4. Nani katika kikundi chetu anaweza kuzungumza na mwalimu wa michezo kuhusu uji wa baada ya mazoezi?